Tanki la Land Rover 88 linavuja: kuchomelea au kununua jipya?

Ndugu yangu wa Moshi, pole sana. Umesema tanki limeoza chini, sabuni ya kipande haizuii tena, na fundi anataka kulichomelea. Tafadhali, usimruhusu. Tanki "tupu" ni hatari kuliko lililojaa, maana kinacholipuka ni mvuke wa petroli, na mvuke haukauki kwa kulianika juani tu. Isitoshe, bati lililoliwa na kutu ukilishika hapa linatoboka pale.

Weka jipya. Kwenye 88, ile Land Rover fupi, lipo chini ya kiti cha kulia, kwa hiyo kazi si kubwa. Toa kwanza waya wa hasi wa betri, toa petroli uiweke kwenye chombo, ukiwa nje, mbali na jiko na sigara. Bolti zitakuwa zimeshika kutu. Zilainishe kwa mafuta tangu jana yake.

Mipira ya mafuta badilisha yote, na usafishe kabureta, kwani kutu ya tanki la zamani imeshafika huko. Waya wa ethi (unaounganisha na bodi ya gari) wa boya, kile kinachoelea tankini kupima mafuta, ukiusahau, geji haitasoma. Kabla ya kuwasha, jaza lita tano, subiri, pitisha kidole kwenye kila kiungo uone kama kinavuja.