Barua kwa mwanangu: gari ni mkono

Mwanangu Fahmi,

Waalaykum salaam. Ujumbe wako nimeupata pamoja na picha. Waniuliza jambo moja tu: Prado ya 1999, injini ya dizeli ya 1KZ, imeshatembea kilomita 310,000, mwenyewe yuko Kilifi na ataka laki saba na nusu, je, kilomita hizo si nyingi mno? Ukaongeza kwamba umechoka na basi la kutoka Mokowe kila mwisho wa wiki, wafika Malindi watoto wameshalala. Hilo nalijua. Mimi ndiye hukaa nao wakikungoja, na yule mdogo hulala na viatu miguuni.

Kilomita tuzimalize kwanza. Gawanya mwenyewe: 310,000 kwa miaka 26 haifiki 12,000 kwa mwaka. Matatu inayokwenda Mombasa na kurudi hutembea kama 240 kwa siku, yaani hesabu ya mwaka mzima wa gari hilo huimaliza kwa siku 50. Kwa hivyo ikiwa mita haijachezewa, gari halijachoka kwa kutembea. Nimemuuliza mjomba wako pale gereji, akaniambia injini hiyo ikipewa oili kwa wakati na isiwahi kuchemka, hupita hapo bila shida. Ikichemka ndiyo balaa, maana hedi yake, kile kichwa cha juu cha injini, ni ya aluminiamu na hupasuka. Na taimingi belti yake, ule mkanda wa ndani wa injini, hubadilishwa kila kilomita 150,000, maana yake ya pili ilitakiwa iwe imefungwa juzijuzi tu. Mwenyewe akuonyeshe risiti. Akikwambia "ilibadilishwa, fundi ajua", mwulize fundi gani, yuko wapi, umpigie.

Basi, kilomita zimekwisha. Sasa nikwambie lililo moyoni mwangu, hata kama hukuliuliza.

Gari ni mkono. Umelisikia neno hili kwangu tangu hujaanza kuvaa saa. Mkono uliolishika ndio unaoununua, bati ni ziada tu. Na sababu yangu ni ile safari ya Buluu, gari letu la zamani, ambayo wewe huikumbuki sawasawa kwa kuwa ulikuwa umelala mapajani mwangu karibu njia nzima.

Buluu babako aliinunua kwa mgeni mmoja wa kule Casuarina aliyekuwa anarudi kwao. Gari lilimeta. Viti vinanukia sabuni, na ndani mna daftari: kila oili imeandikwa tarehe, kila chujio, kila tairi. Babako, Allah amrehemu, hakuwa mtu wa papara. Aliisikiliza injini asubuhi ikiwa baridi, akanusa moshi, akafungua kifuniko cha redieta, akaonja gia moja moja. Akainama akatazama chini, akaona rangi nyeusi, mpya, safi. Akalipa.

Halafu ikaja ile simu ya alfajiri kwa jirani, kwamba babu yako amefariki Witu. Waliniahidi kunisubiri hadi Alasiri, jeneza lisitoke kabla sijamwona. Tukaondoka saa hiyo hiyo. Tulishapita Gongoni, Marereni bado, mashamba ya chumvi yako upande wa bahari yanachoma macho kwa weupe, gari likapiga kishindo nyuma likalala upande. Pale springi inaposhikana na chasisi, ile fremu ya chuma inayobeba gari zima, palikuwa pamekatika. Jicho la springi limepenya juu hadi chini ya kiti, gurudumu limepinda, na injini inanguruma vile vile, haina habari. Ule mngurumo ndio ulioniudhi kuliko kishindo. Babako aliingia chini akaishika chasisi kwa vidole, ikamegeka kama mkate wa mofa uliolala. Nyuma ya ile rangi nyeusi kulikuwa na kutu, tabaka juu ya tabaka.

Baadaye ndipo tukaambiwa kwamba yule bwana kila jioni alikuwa akiliteremsha gari mpaka majini kuvutia mashua yake ya kuvulia.

Tulikaa pale jua likipanda, na mimi nahesabu sala. Aliyetuokoa alikuwa mvuvi wa Ngomeni, na Land Rover kuukuu kuliko hata Buluu. Bodi imebonyea kila pembe, mlango mmoja umefungwa kwa kamba, nyuma masanduku ya barafu yanavuja. Nilipanda nikisema moyoni hatutafika. Njiani babako akamwuliza habari za chasisi, na yule mzee akachangamka: mbavu mbili amezitia chuma kipya mwenyewe, na kila akitoka pwani huisuuza chini kwa maji baridi, ikikauka huipaka oili chafu. Bodi alisema haimshughulishi, hiyo ni aluminiamu, kutu haiijui. Chasisi ndiyo chuma, na chumvi huanzia huko. Alitufikisha hadi Witu, na pesa alikataa katakata alipojua tunakwenda msibani.

Tulifika baada ya Maghrib. Jeneza lilikuwa limeshatoka, na wasingeweza kungoja zaidi, siwalaumu. Uso wa baba yangu sikuuona. Bibi yako alinifunulia mkeka aliolalia, tukakaa.

Sasa utaniambia: Mama, huyo mgeni si alikuwa na mkono mzuri? Daftari je? Na mimi nimejiuliza hivyo hivyo usiku mwingi. Alitunza alichokuwa akikiona, na injini yake ilikuwa nzima kweli, siwezi kumdhulumu. Lakini mkono hauishii kwenye boneti. Mwenye kulipeleka gari baharini kila jioni bila kulisuuza, kisha akalipaka rangi wiki ya kuliuza, huo si utunzaji. Huo nauita kwa jina lake mbele ya Mungu. Gari ni mkono, na mkono wa mvuvi ulikuwa bora kuliko daftari.

Nakuelewa unavyoona. Rahisi huvunja upishi, lakini ghali nayo itatoka wapi, na ada za shule ndio hizo? Tena gari la 1999 lisingeingia nchini baada ya 2007, kwa kuwa yaliyozidi miaka 8 hayaruhusiwi. Kwa hivyo hilo limekula barabara zetu na upepo wetu kwa miaka 18 na zaidi. Swali ni upepo wa wapi. La Nakuru na la ufukweni hayawi sawa hata mita zikilingana. Halafu najisemea, ya nini Prado? Lami sasa imefika Mokowe, hata kigari kidogo cha petroli kingekuleta. Kisha nakumbuka mwisho wa 2023, Tana ilipomeza barabara kule Gamba na watu wakavushwa kwa maboti, nataka uwe na kitu kirefu. Ila maji yale hata Prado isingeyapita. Basi naachana na hilo.

Nirudi kwenye picha zako. Ile ya nyuma niliikuza kwa simu. Pana ndoana ya kuvutia trela, na ndoana ile imeota kutu kuliko kitu kingine chochote kwenye gari, hata nati zake hazionekani pembe. Na wewe mwenyewe umeandika kwamba lilikuwa la hoteli ya ufukweni. Mwulize huyo bwana lilikuwa likivuta nini. Usimsaidie jibu. Nyamaza umtazame.

Ulimi waniwasha, Fahmi. Ungalikuwa na miaka 15 ningalikwisha kukukataza na mazungumzo yangeishia hapo. Lakini pesa ni zako, mkeo ndiye atakayekaa kiti cha mbele, na nimeahidi sitakuamulia tena. Sisemi nunua, sisemi usinunue. Nimejizuia hapo kwa shida.

Mjomba wako yuko tayari kukufuata Kilifi Jumamosi. Mfike mapema, kabla gari halijawashwa, mguse boneti mhakikishe ni baridi. Atakuja na nyundo ndogo na bisibisi, aigonge chasisi yote, hasa nyuma karibu na ile ndoana, na palipo na rangi mpya akwangue. Mwenyewe akikataa kukwanguliwa, mshukuruni mwondoke. Rekodi ya gari itafute kwenye mtandao wa NTSA, wale wanaosajili magari, ujue jina la mwenyewe na kama lina deni la benki. Na kabla ya Jumamosi usimtumie amana, hata elfu mbili kwa M-Pesa, hata akikwambia kuna mnunuzi mwingine yuko mlangoni.

Mamako