Mume akikubali talaka bado mahakamani mtaenda

Dada uliyeuliza kama mumeo kashakubali muachane basi mnaandikishana kwa mtendaji yanaisha, hapana. Mi na wangu hapa Tabora hatukugombania kuachana hata kidogo na bado tulisimama mbele ya hakimu. Karatasi ya kwa mtendaji haivunji ndoa hata msaini na ukoo mzima.

Mnaanzia baraza la usuluhishi, sisi tulienda la kata, wengine wanaenda la BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu) au la kanisani. Wakishindwa kuwapatanisha wanakupa hati, hiyo ndo unaambatanisha kwenye maombi, na usiifungie kabatini maana isizidi miezi 6 kabla hujafungua shauri. Ndoa isiyofika miaka 2 inahitaji kibali cha mahakama kwanza.

Sasa hata mwenzio asipopinga, hakimu hatoi talaka eti kwa vile mmechokana. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka aridhike kwamba ndoa imevunjika kiasi hairekebishiki. Niliulizwa mmetengana lini, nani alihama, watoto wanalala wapi, mwenzangu naye akaulizwa akasema ni kweli tupu, upande huo ukaisha bila mashahidi wengi. Akipinga ndo utahangaika kuthibitisha ukatili, ugoni, kutelekezwa, na hizo tarehe za kuahirishwa acha tu.

Ila moto wenyewe uko kwenye mali. Sisi tuliokubaliana vizuri kabisa, kufika kwenye nyumba ya Kiloleni bwana kageuka, kiwanja kina jina lake na mi nilikuwa mama wa nyumbani tu. Hoja hiyo Mahakama ya Rufani ilishaijibu 1983, kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, kazi za nyumbani ni mchango (ingawa Bi Hawa mwenyewe aliambulia patupu, hela alizopewa na mume alishazitapanya). Mchango kutambuliwa sio lazima mgawane nusu kwa nusu, kwa hiyo nikapeleka daftari la vikoba (kikundi chetu cha kuweka na kukopa) lenye mkopo niliochukua na risiti ya bati ya wiki ileile, hapo hata wazee wa mahakama waliokaa na hakimu wakaanza kulipitishana lile daftari.

Watoto wa chini ya miaka 7 sheria inaanza kwa kudhani wakae na mama, ila inaweza kupingwa.

Kwa hiyo mumeo kakubali nini hasa, kuachana tu au na mgawanyo? Na nyumba ina jina la nani?