Je, Mbuzi Aliyetenganishwa na Mtoto Wake Huhuzunika?

SWALI: Mheshimiwa mhariri, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kadutu, Bukavu. Jirani alipouza mtoto wa mbuzi, mama yake alilia usiku kucha na kukataa majani. Wanafunzi wananiuliza iwapo mnyama huhuzunika kweli, au ni sisi tunaomsingizia. Niwajibu nini?
Mwalimu, Kadutu

JIBU: Mwalimu, uwajibu kwamba mnyama ana hisia, ila tusiipe hisia jina kabla ya kumwangalia vizuri. Kulia na kususa chakula ni mambo yanayoonekana; wanafunzi wayaandike hayo kwanza, pamoja na upande alioelekeza masikio, na iwapo alitulia mbuzi wenzake walipomkaribia, kwa maana mbuzi akiachwa peke yake hulia hata kama hajafiwa. Kiwele nacho kiguswe: kikiwa kimejaa na kukaza, maumivu yanachangia kilio, na kumkamua kidogo kutampa nafuu.

Kuhusu huzuni yenyewe, tunao ushahidi wa karibu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulieleza jinsi gorila wa Rwanda na wa Kahuzi-Biega, hifadhi ya taifa iliyo karibu na Bukavu, mashariki mwa Kongo, walivyotenda mbele ya maiti za wenzao. Huko Rwanda, jike aliyeitwa Tuck alipokufa, mwanawe Segasira alimchambua manyoya na kujaribu kunyonya, ingawa alikuwa ameshaachishwa ziwa. Mimi sioni jina jingine la haki kwa tendo hilo isipokuwa huzuni. Lakini katika Kahuzi-Biega, gorila walimkuta dume mzima amekufa, asiye wa kundi lao, nao wakamzunguka, wakamtazama, wakamnusa na kumlamba vilevile. Hapo udadisi unaweza kuwa umechangia, na ndiyo sababu nasisitiza kwamba tendo moja lisihukumiwe bila kujua uhusiano wa wahusika.

Jambo linaloniuma ni picha za sokwe mtu “anayecheka” zinazosambazwa katika simu. Sokwe mtu anayevuta midomo nyuma na kuonyesha meno ya juu na ya chini, mara nyingi anaogopa au anajinyenyekeza. Anapocheza, hulegeza kinywa wazi, na meno ya juu hufunikwa na mdomo. Ukiwapeleka wanafunzi Lwiro, kwenye kituo cha kulelea sokwe yatima, uwafundishe tofauti hiyo kabla ya safari, ili anayeonyeshwa meno yote arudi nyuma taratibu na kunyamaza, asimcheke wala kumwigiza.