Kuhifadhi nyama katika ardhi iliyoganda

Ndugu, umeuliza kama unaweza kuchimba shimo chini ya nyumba uliyohamia huko Utqiaġvik, kaskazini mwa Alaska, ili uhifadhi nyama bila friza. Nakusihi usichimbe chini ya nyumba, kwa maana joto lake huyeyusha ardhi iliyoganda, na ndiyo sababu nyumba nyingi za huko huinuliwa juu ya nguzo. Wenyeji Wainupiati wamehifadhi nyama ya nyangumi kwa vizazi vingi katika maghala yaliyochimbwa mita kadhaa chini, ambayo huyasafisha kabla ya msimu wa kuwinda na kuyatandika theluji mpya. Waombe wazee wao wakuelekeze kabla hujashika sururu. Zingatia pia kwamba ardhi hiyo haina ubaridi wa nyuzi 18 chini ya sifuri unaopendekezwa kwa friza. Hata ghala la mbegu lililochimbwa katika ardhi iliyoganda ya Svalbard, visiwa vya Norwei vilivyo kaskazini ya mbali, na kufunguliwa mwaka 2008, hupozwa kwa mitambo ili lifikie kiwango hicho. Baadhi ya maghala ya Utqiaġvik yameingiwa na maji kadiri ardhi inavyopata joto, kwa hiyo teremsha kipimajoto mara kwa mara, hasa wakati wa kiangazi, na ukikuta nyama imelegea, usiirudishe kuganda ukadhani imepona.