Barua kwa mwanangu: zile kaptula mbili za kaki

Tanga, Jumapili jioni

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka kwa mama yako. Mimi sijambo, miguu tu ndiyo inayonisumbua usiku, na baba yako anakusalimu. Ujumbe wako niliupata Ijumaa nikitoka kwa shangazi yako. Nimeusoma mara tatu nikaona haya si mambo ya kujibu kwa vidole kwenye simu. Nimechukua karatasi. Mdogo wako ataipiga picha akutumie.

Umeniuliza: "Mama, Riziki ni jina la kike au la kiume? Na mbona siku hizi halisikiki?" Unasema daktari amewaambia mtoto ni wa kiume, mkeo analipenda jina, nawe unalipenda, ila mama mkwe wako amesema hilo ni jina la kike na mtoto atakuja kuchekwa shuleni.

Nitakujibu. Ila kwanza nami nikuulize. Unazikumbuka kaptula zako mbili za kaki, ulizovaa darasa la tano? Zile za kitambaa kizito, zenye mfuko wa nyuma na kifungo, ambazo hazikupauka hata kwa jua la kukatisha uwanja? Uliniuliza mbona kiuno kipana, nikakwambia utakua. Zile hazikushonwa kwa ajili yako. Zilishonwa kwa ajili ya dada yako Riziki.

Wewe ulikuwa mdogo, ulipelekwa kwa bibi siku zile, kwa hiyo hukuyaona. Dada yako alifaulu darasa la saba mwaka 1997, na mtaa mzima ukajua, maana baba yako hakuweza kunyamaza. Ikaja barua ya kujiunga na shule ya bweni, mkoa mwingine kabisa. Shule yenyewe sitaitaja. Barua ilisema mwanafunzi afike na tranka, godoro, ndoo, jembe, fagio la chelewa, mashuka mawili, mashati meupe mawili na kaptula mbili za kaki. Mwanafunzi afike, mwanafunzi alete, mwanafunzi asichelewe. Kiswahili chetu hakisemi kama huyo afikaye ni wa kike au wa kiume. Niliisoma barua ile mpaka ikalegea kwenye mikunjo, wala sikuona kosa.

Hapana, nisikudanganye. Niliona. Nilipofika kwenye kaptula moyo ulinigusa. Nikampelekea fundi kitambaa, naye akauliza, "Hizi si za binti yako, mama Riziki?" Nikamjibu, "Ni za kulimia. Shule za bweni wanalima." Nilikuwa nimefurahi mno kuuliza swali ambalo lingeniharibia furaha yangu. Hilo nimelibeba mwenyewe miaka yote, sijamwambia hata baba yako.

Tukapanda basi alfajiri, tukapita Segera, tukaenda siku nzima. Tulipofika jua limeshaanza kuinama. Getini kulikuwa na meza, mwalimu kakaa na orodha, na wavulana wamekalia matranka yao kivulini. Sikushangaa kuona wavulana tu. Nilidhani wasichana wamepangwa upande mwingine. Mwalimu akashusha kidole kwenye orodha, akaita, "Riziki!" Dada yako, kama tulivyomlea, akaitika, "Abee!"

Mwanangu, unajua huku kwetu mwanamume huitika "Naam". Ile "Abee" ilipotoka, uwanja mzima uliangua kicheko. Mwalimu naye alicheka kidogo, kisha akaona uso wa mtoto akaacha. Akanionyesha orodha. Mbele ya jina lake pameandikwa ME. Mtu fulani, mezani kwake, aliona neno Riziki akaamua. Dada yako hakulia. Alishika mkono wa tranka kwa mikono miwili, na mwalimu aliponiambia ile ni shule ya wavulana hakuuachia mpaka usiku, hata kwa yule mama muuza chai aliyetupa mahali pa kulala.

Kwenye basi la kurudi nilimwambia, "Nitakubadilisha jina. Tutakuita Rehema, halafu yaishe." Akatazama dirishani muda mrefu, akasema, "Na babu nitamwambia nini?"

Nikaenda ofisini kuomba mtoto apangiwe shule nyingine. Pale ndipo niliposikia neno ambalo mpaka leo nikilikumbuka naacha ninachofanya. Yule bwana alisema, "Mama, kosa ni lako. Nani alikutuma umpe mtoto wa kike jina la kiume?" Nami nilinyamaza. Nikachukua karatasi zangu nikatoka. Mimi, niliyefanya kazi wodi ya wazazi, niliyeandika majina ya watoto wengi kuliko alioona yeye mezani pake, nilinyamaza.

Leo mama mkwe wako anasema ni la kike. Bwana yule alisema ni la kiume. Unaona?

Sasa nilijibu lile nililoshindwa siku ile. Jina ni ombi. Nimewaambia tangu mkiwa wadogo: jina ni ombi, na ombi halina kike wala kiume.

Dada yako alizaliwa Aprili 1984, wiki ile aliyokufa Waziri Mkuu Sokoine kwa ajali ya gari kule Dakawa. Redio ilikuwa ni maombolezo tu. Nchi yenyewe ilikuwa imechoka: sukari kwa foleni, sabuni kwa foleni, ugali wa yanga, yale mahindi ya njano, doti ya khanga unaisikia tu kwamba imefika duka la kaya. Majirani waliokuja kunitazama walinipa majina ya wakati ule. Mmoja akasema mwite Mashaka. Mwingine Tabu. Yote hayo unampa mtoto yeyote, na wapo watu wazima wema wanayabeba. Babu yenu akaja kutoka Sahare amevua usiku, na changu wawili kwenye ukindu. Akamchukua mtoto, akasema, "Msimwandikie msiba wa jana. Mwombeeni kesho. Nipeni huyu awe somo yangu." Naye, kama ujuavyo, alikuwa Riziki, mwanamume wa ndevu, nahodha wa ngalawa, na hakuna aliyewahi kumuuliza kama jina lake ni la kike.

Kwa hiyo jina lilitoka kwa mwanamume likaja kwa mtoto wa kike, siku ya saba, mbele ya watu, na hakuna aliyeona ajabu.

Baada ya neno la yule bwana nilikwenda kwa Maalim, aliyewasomesha Kurani chuoni, nikamwambia nifundishe neno hili. Alinikalisha mpaka magharibi. Sisi tulilipata kwa Waarabu, rizki, na ndimo lilimo jina la Mwenyezi Mungu Ar-Razzaq, Mwenye kuruzuku. Ndiyo maana wanaume wanaitwa Abdulrazak, mja wa Mwenye kuruzuku. Nilimkumbuka Maalim mwaka 2021, aliposhinda Nobel ya Fasihi yule mwandishi mzaliwa wa Zanzibar, Abdulrazak Gurnah. Nikajisemea, huyu naye ni jamaa wa jina letu. Lakini Waarabu nao, akasema Maalim, walilipokea kutoka kwa Waajemi. Ruz kwa Kiajemi ni siku, na rozi ni fungu la siku, kile kinachomtosha mtu leo. Ni ruz ileile iliyomo kwenye Nairuzi, siku mpya, ambayo mizizi yake ndiyo iliyozaa Mwaka Kogwa, ile sherehe ya mwaka mpya ya Makunduchi kule Unguja. Na jirani yetu mama mchungaji aliposikia akasema mbona hata wao wanasali "Utupe leo riziki yetu." Leo. Fungu la siku. Sikulala usiku ule kwa furaha, mwanangu. Nilikuwa nimemwita binti yangu kwa neno ambalo misikiti na makanisa yanaliomba kila siku, na mtu mmoja kaligeuza herufi mbili, ME.

Kisha kuna jambo nililoligundua mwenyewe, si la Maalim. Wazee wetu walipotaka kutenganisha mtoto wa kike na wa kiume kwa jina, walijua namna ya kutenganisha. Wa kiume Juma, wa kike Mwajuma. Hamisi na Mwanahamisi. Idi na Mwanaidi. Lakini Riziki hawakuitilia Mwana mbele. Waliiacha. Bahati waliiacha, Amani waliiacha, Furaha pia. Tazama Bahati: kwetu kuna mama mwimba Injili, Bahati Bukuku, na Kenya kuna kijana mwimbaji Bahati. Hawakuwa wamesahau, waliacha kwa kujua kwamba kinachoombwa hapo kinamhusu binadamu.

Ila nisimdhulumu mama mkwe wako. Yeye ana sababu. Kwa miaka ya karibuni wanaosikika ni wanawake zaidi. Zanzibar kuna Mheshimiwa Riziki Pembe Juma, aliwahi kuwa Waziri wa Elimu, mwanamke. Ukienda Kivu kule Kongo, akina mama Riziki ni wengi. Hata wodini, nikijaribu kuwahesabu niliowaandika mwenyewe, nawakumbuka watatu tu miaka yote ile, wawili wa kike na mmoja wa kiume. Kwa hiyo labda jina linahama taratibu kwenda upande wa wanawake, kama kanzu ilivyokuwa ya wote kisha ikaachiwa wanaume. Labda. Lakini nikishasema labda namkumbuka babu yenu akipandisha tanga, nanyamaza.

Kuhusu kutosikika, sababu naijua. Nilipoanza kazi, mtoto alipewa jina na mtu: bibi, babu, shangazi, aliyekufa mwaka jana. Nilipokaribia kustaafu wazazi walikuwa wanakuja na jina limeandikwa kwenye simu, wamelichagua kwa mlio. Sisemi ni vibaya, watoto wamependeza. Ila jina kama Riziki halichaguliwi kwa mlio, linapokelewa kutoka kwa mwenye nalo, na wenye nalo wamekuwa wachache. Mpaka anayelibeba aseme chukua.

Nikumalizie ya dada yako. Alikaa nyumbani wiki saba. Wenzake wote wamekwenda, yeye anafagia uani mara mbili kwa siku. Babu alipopata habari hakusema neno juu ya ofisi wala shule. Alikuja kila siku baada ya alasiri na nyavu mbovu begani, anakaa na somo yake chini ya mwembe wanashona nyavu. Alimfundisha kupima tundu kwa kidole, kuzungusha uzi, kukaza fundo kwa jino. Siku ya pili nilipita na chai nikamsikia anamwita kwa makusudi, kwa sauti ya kufika barabarani, "Riziki!" Naye akaitika, "Abee!" Akamwita tena. Na tena. Mpaka mtoto akaanza kucheka. Nilisimama na sinia mkononi, chai ikapoa.

Wiki ya nane ikaja barua ya shule ya wasichana. Alikwenda na tranka lilelile. Mpaka leo huko ofisini kwake Dodoma zinamfikia barua za "Bwana Riziki", anazifungua na kuzijibu, na chini anaandika jina lake kama lilivyo.

Sasa wewe unataka nikwambie mpe au usimpe. Moyo wangu unajua, na kalamu imeshataka kuandika mara mbili nikaizuia. Mtoto ni wenu wawili, na mama mkwe wako ana haki ya kuwa na hofu, maana mimi ndiye niliyesimama pale getini, si wewe. Kuchekwa kunauma. Sitakwambia hakuumi. Nikisema mpe, nawe ukampa, kisha siku moja akasimama mahali watu wanacheka, utasema mama ndiye aliyetaka. Nikisema usimpe, nitakuwa nimekubaliana na yule bwana wa ofisini. Basi siandiki.

Lakini hili naliandika: usilichukue jina bila kuomba. Babu amekwenda zake, kwa hiyo mwenye jina sasa ni dada yako. Mpigie. Usimtumie ujumbe, mpigie umsikie. Mwambie unataka somo yake awe mtoto wa kiume, halafu nyamaza umwache aseme. Akisema chukua, njoo na mkeo siku ya saba, nitapika mimi.

Zile kaptula, moja ilichanika uliporuka senyenge ya shule, nikaifanya tambara. Nyingine iko chini ya kabati langu, kwenye mfuko wa nailoni, kifungo chake cha nyuma bado kipo. Dada yako hajui kwamba niliitunza. Usimwambie, nitamwonyesha mwenyewe akija.

Msalimie mkweo, na mkeo mwambie asibebe ndoo.

Mama yako