Wanawake Wachoraji wa Enzi ya Edo: Mafunzo Yao na Utambuzi wa Kazi Zao

Swali: Nimesoma kwamba Japani ya enzi ya Edo (1603–1868) ilimtaka mwanamke amtii baba, kisha mume, kisha mwanawe. Iliwezekanaje basi baadhi yao kuwa wachoraji mashuhuri, na wataalamu hutambuaje kwamba picha fulani ni ya binti na si ya baba yake?

Jibu: Utii huo ulifundishwa kweli, lakini uchoraji nao ulikuwa kazi ya ukoo, na binti aliyekulia penye wino na brashi aliweza kujifunza bila kuvuka kizingiti cha nyumba. Kiyohara Yukinobu (1643–1682), binti wa mchoraji Kusumi Morikage, aliingia kwa njia hiyo katika mkondo wa Kano, yaani ukoo na shule mashuhuri ya uchoraji, kisha akatia kwenye kazi zake sahihi iliyotamka waziwazi kuwa mwenye mkono ule ni mwanamke. Ike Gyokuran wa Kyoto alirithi sanaa upande wa kike: bibi yake Kaji na mama yake Yuri walikuwa washairi wenye mgahawa wa chai mtaa wa Gion. Alipoolewa na mchoraji Ike Taiga, mume alimfundisha uchoraji naye akamfundisha mume ushairi wa waka, yaani mashairi mafupi ya Kijapani. Tena hakunyoa nyusi kama ilivyowapasa wake za watu. Ema Saiko (1787–1861), mchoraji wa mianzi, hakuolewa kabisa.

Swali lako la pili linamhusu hasa Katsushika Oi, binti wa Hokusai, mchoraji mashuhuri wa Japani; Oi baada ya kuachana na mumewe alirudi kwa baba yake na kufanya kazi naye hadi mzee huyo alipofariki mwaka 1849. Wataalamu huanza na kazi zisizo na shaka: picha zenye sahihi yake zilizopo katika majumba ya makumbusho ya Boston na Cleveland, Marekani, pamoja na michoro ya kitabu cha maarifa ya wanawake kilichochapishwa mwaka 1847. Humo hupima namna anavyochora vidole vyembamba, unywele mmoja mmoja na mwanga unaokatwa na kivuli kizito, kisha hulinganisha na kazi zisizo na jina. Picha yake ya usiku wa Yoshiwara, mtaa wa starehe na makahaba wa mji wa Edo (Tokyo ya leo), iliyo katika jumba la makumbusho la Ota mjini Tokyo, haina sahihi mahali pa kawaida, ila herufi za majina yake zimefichwa ndani ya taa zilizochorwa humo.

Ugumu uko kwenye kazi za Hokusai za miaka ya 1840, alipokuwa amevuka umri wa miaka 80. Baadhi ya wanahistoria hushuku kwamba mistari iliyotulia na rangi zilizopakwa kwa uangalifu mkubwa katika baadhi yake ni za Oi, lakini sahihi na mhuri ni vya baba, na picha iliyochorwa na mikono miwili ni vigumu kuigawa kwa macho tu. Kwa maoni yangu, kibao kinachotaja karakana ya Hokusai kingekuwa cha haki zaidi kwa picha za namna hiyo, ingawa bei ya jina la baba sokoni haiwahimizi wamiliki kukiweka.