Gari la umeme na maegesho yasiyo yako: maswali ya wasomaji

SWALI: Hamjambo, wataalamu. Naishi ghorofa ya tatu, Kileleshwa, Nairobi, na nina gari la umeme, Nissan Leaf yenye betri ya uniti 30, lililotoka Japani. Gari hulala parking ya chini ya jengo, kama mita 30 kutoka chumba cha mita. Kebo yake ya Kijapani fundi aliikata plagi akaweka ya pini tatu, nami nachomeka kwa ekstensheni kwenye soketi ya mlinzi. Sasa plagi inanuka, na keteka (msimamizi wa jengo) anasema majirani wamechoka kunilipia stima. Nianzie wapi?

JIBU: Anza na harufu, ndugu yetu, maana majirani wanaweza kungoja. Kebo za volti 200 zinazokuja na Leaf za Japani huruhusu gari kuvuta hadi ampia 15. Plagi ya pini tatu ina fyuzi ya 13, na hizo 13 zenyewe ni za birika na pasi, si za saa nane mfululizo. Usitegemee fyuzi ikuokoe: kwa ampia 15 haikatiki, inakaa tu ikipika. Ifungue plagi uitazame. Upande wa pini ya layini, penye fyuzi, utaikuta plastiki imegeuka rangi ya chai, na upande wa nyutro bado ni mweupe. Kisha itazame soketi ya mlinzi, tundu la kulia. Likiwa limebabuka, vishikio vya ndani vimelegea, na plagi mpya ukiichomeka hapo itaungua vilevile. Tupa vyote viwili.

Ekstensheni nayo iondoke leo. Ile ya kuviringisha ni mbaya kuliko zote: ikiwa imekunjwa, joto halina pa kutokea, na kebo iliyoandikwa ampia 13 haistahili kupewa hata nusu yake.

Usiendelee na kebo ya Kijapani. Kisanduku chake kimeandikwa volti 200, na stima ya Nairobi ni 240. Vipo vinavyovumilia, vipo vinavyokufa bila kuaga. Nunua kebo ya kuchajia ya volti 230 yenye kichwa cha Aina ya 1, ndicho kinachoingia kwenye Leaf yako, na yenye kitufe cha kuchagua ampia: 6, 8, 10, 13, 16. Iweke 10 na uiache hapo. Wengi hudhani 10 ni kidogo, kwa hiyo tupige hesabu. Ampia 10 kwa volti 240 ni kilowati 2.4. Kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi ni saa nane, yaani uniti 19. Toa kama sehemu moja ya kumi inayopotea kwa joto, betri inapata 17. Kwa kilomita 6 kwa uniti, hiyo ni safari ya kilomita 100 kila asubuhi, na mtu wa kwenda mjini na kurudi hafikishi hata nusu yake.

Sasa waya. Unahitaji laini ya gari peke yake, isiyochangiwa na taa za ngazi wala pampu ya maji. Kwa mita 30 na ampia 16, waya wa milimita za mraba 2.5 hupoteza kama volti 9, wa 4 hupoteza kama 5. Sisi tungevuta wa 6 moja kwa moja. Gharama kubwa ni kutoboa kuta na kufunga paipu, na siku utakapotaka chaja ya ukutani ya ampia 32, waya huo huo utapoteza volti 7 tu na hutarudia kazi. Mwishoni usiweke soketi ya kawaida. Weka ile ya buluu ya viwandani ya ampia 16, yenye kifuniko cha kuzuia maji, na ununue kebo yenye plagi ya aina hiyo. Pini zake ni nene na zinashikwa barabara. Breka ya laini hiyo iwe ya 16 maadamu soketi ni ya 16, hata kama waya unaweza zaidi.

RCD, yaani swichi inayokata umeme unapovuja, ndiyo inayokosewa zaidi. Fundi atakuletea ile ya kawaida ya dukani, ya aina ya AC, ya miliampia 30. Chaja ya gari ikiharibika inaweza kuvujisha mkondo wa DC, ule wa upande mmoja kama wa betri, na huo huipumbaza RCD ya aina hiyo: ipo, inaonekana, kitufe cha majaribio pengine kinafanya kazi, lakini siku ya hatari haikati. Itakiwayo ni aina ya B, au aina ya A ikiwa kebo yako ina kinga yake ya miliampia 6 za DC. Maandishi hayo huwa nyuma ya kisanduku cha kebo. Yasipokuwepo, ichukulie kwamba kinga haipo.

Tumefika kwa majirani. Njia safi ni laini kutoka baada ya mita yako mwenyewe, kule kule chumba cha mita, kabla ya waya kupanda ghorofani. Hapo panawekwa kisanduku kidogo chenye swichi kuu na breka mbili, moja ya nyumba na moja ya gari. Kazi ifanywe na fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, na sili ya Kenya Power asiiguse mtu. Mwenye nyumba akikataa, njia ya pili ni mita ya jengo na submita yako ya tokeni, bei ikiandikwa kwenye mkataba. Kwa kilomita 40 kwa siku utatumia kama uniti 220 kwa mwezi, kwa hiyo utavuka uniti 100 na kuingia daraja la juu la bei za nyumbani. Tangu 2023 Kenya ina bei maalumu ya kuchaji vyombo vya umeme, ambayo usiku ni nusu ya mchana kabla ya kodi na tozo, ila inataka mita ya peke yake. Kwa gari moja huenda usumbufu ukazidi faida. Mkiwa watatu wanne jengoni, ulizeni kwa pamoja.

Usihangaike na taima ya gari ambayo menyu yake ni ya Kijapani. Tumia ya kebo, ikiwa inayo.

SWALI: Habari za kazi, ndugu zangu. Mimi ni mpangaji wa chini, Upanga, Dar es Salaam. Nikichomeka gari nyumbani, kebo inawaka taa nyekundu. Nikienda dukani kwa shemeji, inawaka kijani. Fundi amesema "ataunganisha kitu kidogo ndani ya soketi" na itakubali. Nimruhusu? Na je, naweza kuchaji kwa jenereta?

JIBU: Usimruhusu, dada. Kebo hukagua erthi, waya wa usalama unaoenda ardhini, kabla ya kutoa umeme. Nyekundu ya nyumbani karibu hakika inasema waya wa erthi umekatika, haukuwahi kufungwa, au rodi yake iliyopigiliwa ardhini imeshika mchanga mkavu. "Kitu kidogo" ni kipande cha waya kutoka nyutro kwenda erthi. Taa itageuka kijani, lakini kebo imedanganywa. Nyutro ikikatika huko nje, hata nguzoni, bodi zima la gari linakuwa na volti 230, nawe uko chini umesimama kwenye maji ya mvua na mkono kwenye mlango.

Fundi aanze kwa kufungua soketi na kuhakikisha waya wa kijani na njano umefungwa, kisha aufuate hadi kwenye rodi. Kiunganishi cha rodi karibu na bahari huliwa na kutu, na mara nyingi kukisugua na kukikaza kunatosha. Asipoona kasoro, apime kwa mita ya erthi. Testa ya kugusia haipimi kitu hapa. Ukinzani wa erthi ukizidi omu 200 hauaminiki, kwa sababu kiangazi utapanda. Aongeze rodi ya pili, mbali na ya kwanza kwa angalau urefu wa rodi yenyewe. Zikikaribiana zinagombania udongo ule ule.

Jenereta ndogo nyingi nyutro yake haijaunganishwa na kitu, kwa hiyo kebo itakataa kwa sababu ile ile. Hapa, tofauti na soketini, kuunganisha nyutro na erthi kwenye jenereta yenyewe, pamoja na rodi na RCD, ni sahihi, mradi nyumba iwe imetenganishwa na umeme wa TANESCO kwa swichi ya kubadilishia. Kebo iweke ampia 6. Na ukiwa kwenye LUKU ya D1, daraja la bei la watumiaji wadogo, kumbuka mpaka ni uniti 75 kwa mwezi. Gari litakuvusha wiki ya pili.

SWALI: Niko Leicester, Uingereza, kwenye nyumba zilizoshikana kwa safu, mlango unafungukia njia ya miguu. Nikilaza kebo ya kuchajia gari chini na kuifunika kwa mpira, kuna kosa?

JIBU: Njia hiyo ni ya halmashauri, na kebo juu yake inahitaji ruhusa yao. Mtu akijikwaa, utadaiwa wewe. Uliza kwanza kama halmashauri yako inaruhusu mfereji wa kebo, ule unaochongwa ndani ya njia na kufunikwa na mdomo wa chuma au mpira, kutoka ukutani hadi ukingo wa barabara. Mwaka 2025 serikali ilitangaza pauni milioni 25 za kuzisaidia halmashauri za England katika kazi hiyo. Kuwa na mfereji hakukupi haki ya nafasi ya kuegesha mbele yake, kwa hiyo pima kebo ya mita 10, si ya 5, ili ufike hata ukiegesha nyumba ya pili. Chaja ya ukutani iwekwe upande ule ambao tundu la gari litakuwa ukiegesha kwa kufuata mwelekeo wa magari. Mfereji uusafishe kwa brashi ngumu majani yakianza kupukutika, la sivyo kebo haitazama mpaka chini na mdomo hautafunga.